Petroli Tupu

Mjomba alikuwa amekwisha kufunga mlango wa kushoto wa karakana, ule mbishi ambao huanza nao kila mara, nami nilikuwa nafagia vumbi la chuma chini ya meza. Hapo mtu tusiyemjua akaingia kwa upande uliobaki wazi. Mikononi alikuwa amebeba mashine ya kukatia nyasi, ameilaza kama mtu aliyezimia barabarani.

Ilikuwa ya zile za begani: injini nyuma, bomba refu, kisu mbele. Mtu anayeijua huivaa kwa mkanda, akatembea nayo bila shida. Huyu mkanda alikuwa ameukunja vizuri na kuufunga kwa utepe, kama nguo inayokwenda kwa mteja.

"Tumefunga, mzee," Mjomba akasema.

"Nimeona," mgeni akajibu, akazidi kuingia.

Alikuwa mwembamba, mrefu, jasho limempita mpaka kwenye mkunjo wa suruali. Aliilaza mashine juu ya meza taratibu, akarudi nyuma hatua moja na kuitazama.

"Na wewe ni fundi cherehani," Mjomba akasema.

"Nani amekuambia?"

"Shingo yako."

Mgeni akajigusa shingoni, akaikuta futi yake ya kupimia bado inaning'inia. Aliivua kwa aibu, akaikunja, akaitia mfukoni. Mimi nikacheka. Mjomba hakucheka, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika kwenye mpini wa mashine. Mpini ule ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha buluu, kimeshonwa vizuri, kimelika mahali vidole vinapokaa.

"Hii ni ya Mama Nyasi," akasema.

"Ndiyo. Mimi ndiye mume wake. Wengine huniita Sindano."

Mjomba akaenda kuufungua tena ule mlango wa kushoto.

Mama Nyasi nilikuwa nimemsikia zaidi ya nilivyomwona. Viwanja vya shule, uwanja wa mpira, makaburi, ua wa hospitali, vyote alivikata yeye kwa miaka mingi, na karibu kila anayeishi kwa kukata nyasi katika mji wetu alifundishwa naye kusimama, kupumua na kunyamaza. Mashine zao zikiharibika humuuliza yeye kwanza wazipeleke wapi. Yeye aliwaleta kwetu. Mjomba husema nusu ya bati la karakana hii amelipaua Mama Nyasi, ingawa hajawahi kupanda ngazi.

"Anaendeleaje?" Mjomba akauliza.

"Haendelei," Sindano akasema. "Hospitali wametuambia tukakae nyumbani."

Mjomba akapapasa kile kitambaa cha buluu. Sindano akaendelea. "Jana iliwaka vizuri kabisa. Halafu ikazima, sasa haitaki. Naomba iwake. Si lazima ikate kitu, mwenzangu. Iwake tu, aisikie mara moja."

Alieleza kwamba kitanda cha mkewe wamekisogeza dirishani, na nje ya dirisha nyasi za ua wao wenyewe zimefika kiunoni. Mama Nyasi anazitazama siku nzima. Hasemi zikatwe. Alichosema ni kwamba angependa kuisikia mashine yake kabla hajaondoka.

Karakana yetu ina sheria moja tu, nayo ni ya Mjomba: mashine haifunguliwi mwenyewe asipokuwepo. Kuna benchi pale mlangoni kwa ajili hiyo. Mwenye mashine hukaa akaona kila skrubu inayotoka na kila skrubu inayorudi, na mwisho wa kazi yeye ndiye anayevuta kamba. Mafundi wengine hutucheka, eti tumegeuza karakana sinema. Lakini hakuna aliyewahi kusema tumembadilishia kifaa, wala kwamba tumeharibu kitu kizima. Mjomba hana cheti, hana hata kibao mlangoni. Ana lile benchi.

Sindano akakaa. Baada ya muda kidogo mikono yake ilishindwa kutulia. Alitoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaniita. "Mwanangu, sogea. Hilo koti lako litakuua kwa aibu kabla mashine haijakuua." Mkono wa koti langu la kazi ulikuwa umepasuka kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, wiki kadhaa nyuma. Nikamvulia, akaanza kushona.

"Haya, msomi," Mjomba akaniambia. "Tuanze."

Nilikuwa nimemaliza chuo, na kazi niliyoisomea ilikuwa bado haijanitafuta. Injini hizi ndogo nilianza kuzipenda kwa bahati. Nilipenda kwamba zina sababu. Injini ikikataa kuwaka, mahali fulani kuna jambo dogo, na ukiwa mvumilivu utalikuta. Niliamini hivyo kuhusu mambo mengi siku zile.

Nikavuta kamba. Ikaja nyepesi, kama uzi unaotoka kwenye kibonge. Injini iliyo nzima hukukatalia kidogo, nayo hukuvuta. Hii haikunikatalia chochote. Moyo wangu ulielewa papo hapo kwamba imekufa ndani, nami nikaamua kutousikiliza. Nikaanza na vitu vyepesi.

Nilifungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikavuta tena. Cheche ikaruka, ya buluu, safi. "Moto upo," nikasema kwa sauti, ili Sindano asikie. Akainua kichwa, akatabasamu kwenye koti langu.

Nikafungua kabureta. Ilikuwa safi kuliko mikono yangu. Ekzosi haikuziba. Nikatoa chujio la hewa, likatoka linachuruzika.

"Nani ametia oili humu?" nikauliza.

"Mimi," Sindano akasema haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Nimetia oili ya cherehani, ile laini. Kila penye tundu nimetia tone. Mashine ikikauka hujila yenyewe, hilo hata mimi nalijua."

Mjomba aliweka chujio kando. Alikwenda kwenye tangi, akamimina petroli kidogo kwenye glasi yetu ya kuangalizia, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Petroli ya mashine hizi ikiwa sawa huwa na rangi ya kijani kwa mbali, rangi ya oili iliyochanganywa nayo. Ile ya kwenye glasi ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa.

"Na kwenye tangi, mzee," Mjomba akasema polepole, "uliweka nini?"

"Petroli safi. Niliichuja kwa kitambaa cha bitana, kisha nikairudia kuichuja. Haikuwa na hata chembe ya uchafu."

"Bila oili?"

Sindano akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Oili ndani ya petroli?" akauliza. "Si ingeichafua?"

Siku nyingine tungecheka tukashika mbavu. Fundi cherehani ameipaka oili mashine mwili mzima, kila kiungo, kila tundu, isipokuwa mahali pekee ilipoihitaji. Injini hizi hazina chombo chao cha oili. Huinywa pamoja na petroli, ndivyo zinavyolainika ndani. Ukizipa petroli tupu huwaka, tena huwaka kwa furaha, kwa muda mfupi, huku chuma kinakula chuma.

Mjomba alifungua ekzosi, akamulika tochi ndani ya tundu lake, akatazama. Kisha akanipa tochi. Pistoni iliyotakiwa kung'aa kama kijiko ilikuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini, kana kwamba mtu ameiparua kwa uma.

"Njoo uone," Mjomba akamwambia Sindano, kwa sababu ndiyo sheria.

Akaja na koti langu mkononi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hiyo ni mimi?" akauliza.

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

Ndipo alipotuambia yote. Jana mashine ilipowaka, mkewe alicheka. Hakuwa amecheka tangu watoke hospitali. Alinyoosha mkono dirishani akapiga kelele, "Ongeza, Sindano! Ongeza!" naye akaongeza. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba. Mkewe akaacha kucheka. Akasema, "Zima. Zima upesi." Lakini ilikuwa imekwisha kujizima. "Nikamwambia nimeizima mimi. Akaniambia basi iwashe tena. Nikavuta, nikavuta. Nikamwambia ina vumbi, naipeleka kusafishwa."

Alishika ukingo wa meza.

"Miaka yote hii hakuniruhusu kuigusa," akasema. "Alikuwa akisema, 'Wewe shona, mimi nikate.' Mara moja tu nimeigusa." Kisha akanigeukia mimi, hakumgeukia Mjomba. "Mwanangu, hata kama haitawaka. Asijue ni mimi. Asiondoke akijua ni mimi."

"Hatajua," nikasema. "Kwa mdomo wangu hatajua."

Mjomba alinikazia macho. Hapa kwetu hatuahidi, husema hivyo kwa kila mteja, tunajaribu tu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tulijaribu. Mjomba alimpigia simu muuza spea, akamtajia aina ya mashine, nami nikasikia kicheko cha yule bwana mpaka nilipokuwa nimesimama. Mashine hiyo haitengenezwi tena, akasema. Spea zake labda mkachimbe. Tukatoa silinda. Nikaisugua ndani kwa msasa laini na mafuta ya taa, nikiondoa chuma kilichoganda ukutani, kidogo kidogo, nikipapasa kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba. Mjomba akatafuta kwenye kopo la ringi kuukuu, zile pete zinazovikwa pistoni, akapata moja iliyokaribiana na yetu, akaikata na kuipiga tupa hadi ikakubali kuingia. Tukamwaga ile petroli tupu, tukatia iliyochanganywa. Juu ya pistoni nikadondosha oili kidogo, ili isaidie kushika pumzi.

"Ikiwaka, itawaka kwa muda gani?" Sindano akauliza.

"Tuombe iwake kwanza," Mjomba akasema.

Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena na tena, nikafunga choki ya hewa, nikaifungua. Halafu ikakohoa. Mara moja, kikohozi kinene, na moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi. Sindano akasimama, sindano ikabaki inaning'inia kwenye uzi. Nilihisi machozi yananijia, nikasema, "Umeona? Umeona?" sijui nikimwambia nani. Nikavuta mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Nikafunga kitambaa, nikavuta. Haikukohoa tena.

"Mwache mwenyewe avute," Mjomba akasema.

Sindano akaja, akashika kamba kwa vidole viwili, kama uzi. Akaivuta. Kamba ikatoka yote, na haikurudi.

Mjomba alichukua tambara akaanza kupangusa mikono, kidole kimoja kimoja. Huwa hafanyi hivyo mpaka kazi iwe imekwisha.

Baadaye, tukiwa tumekaa, Mjomba alitoa wazo ambalo najua lilimuuma kulitoa. "Ninayo nyingine pale pembeni, inawaka vizuri. Tunaweza kuja nayo, tukaiwasha nje ya dirisha. Afurahi."

Sindano akatikisa kichwa. "Mimi ananijua kwa kikohozi nikiwa mtaa wa pili. Mashine yake asiijue?" Akanivalisha koti langu. Mshono ulikuwa mdogo na umekazana, ukiupitisha kidole unahisi mstari kama wa kovu jipya. "Tena amesema, kama haiwaki, fundi aende mwenyewe akamwambie. Hataki kuambiwa na mimi. Anasema mimi sijui kudanganya."

"Mimi nitakwenda," Mjomba akasema.

"Niliyeahidi ni mimi," nikasema.

Jioni ile ile nikafuatana na Sindano hadi kwao. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja kikubwa. Upande huu cherehani na nguo za watu zikining'inia kwenye kamba, upande ule kitanda na dirisha. Nje nyasi zilikuwa zimekaribia ukingo wa dirisha, mbegu zake zinagusa wavu. Mama Nyasi alikuwa amekonda mwili mzima isipokuwa mikono. Mikono ilibaki ya mtu mwingine, mikubwa, yenye sugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nilidhani atakuja mjomba wako. Au magoti yake ndiyo yale yale?"

"Ndiyo yale yale, mama."

"Mwambie asipige magoti mbele ya mashine, hazisikii maombi." Akacheka bila sauti, kisha akapumzika kwa ajili ya kicheko kile. "Haya. Niambie. Sikuisikia njiani."

"Haitawaka tena, mama. Tumejaribu kila tulichokijua."

Alifumba macho. Sindano alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, mkono juu ya gurudumu, hashoni.

"Umeniletea nini?" Mama Nyasi akauliza.

Injini tulikuwa tumeifungua tena, nami nilikuwa nimebeba vifaa vyote kwenye mfuko, kwa sababu mwenye mashine hurudishiwa kila kitu. Akanyoosha kiganja. Nikatafuta pistoni nikamwekea. Hakuitazama. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo, kutoka juu hadi chini, akazunguka, akarudi pale alipoanzia.

"Hii imekunywa petroli tupu," akasema.

Nyasi za nje zilikuwa zinasugua wavu. Nilisikia Sindano akivuta pumzi.

"Nani?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kupita kando: vyuma huchoka, mashine imezeeka. Kwa mtu mwenye mikono ile yasingefika popote. Nikaona kwamba yamebaki majibu mawili tu, na moja nilikuwa nimeshalifunga kwa ahadi.

"Mimi, mama," nikasema. "Ililetwa ina vumbi tu. Niliisafisha, nikatia petroli ili niijaribu. Nikasahau oili."

"Mjomba wako alikuwa wapi?"

"Alikuwa ametoka."

"Na huyu mume wangu? Kwenu haifunguliwi mashine mwenyewe asipokuwepo. Mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo, mji mzima. Alikuwepo?"

Sindano akafungua kinywa. Nikawahi. "Hakuwepo, mama. Alituachia mashine akaenda dukani. Sikumsubiri."

Kwa maneno hayo machache nililiondoa lile benchi mlangoni. Nilimwona kichwani Mjomba akifungua mlango wa kushoto kesho asubuhi, akisubiri wateja wasiokuja.

Mama Nyasi alinishika mkono wa koti akanivuta karibu. Nilidhani anataka kuniangalia usoni. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya mshono. Kilishuka nao kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja, polepole, kama kilivyopita juu ya pistoni, kikasimama mwisho, mahali uzi ulipofungwa fundo. Mshono kama ule haushonwi na mtu aliyepita njia. Haushonwi na mtu aliyekwenda dukani.

Sikuthubutu kumtazama Sindano.

"Vijana wangu watakuja kuniuliza," akasema hatimaye, sauti yake imeshuka. "Watasikia mashine yangu imekufa, watataka kujua imefia kwa nani. Nitawaambia hivi hivi ulivyoniambia mbele ya huyu. Siwezi kuwaambia vingine. Unanielewa?"

Nikafikiria bati la karakana. Nikamfikiria Mjomba na kopo lake la ringi kuukuu.

"Nakuelewa, mama. Waambie."

"Hutarudi kesho kuniambia umekumbuka vizuri?"

"Sitarudi."

Akaniachia mkono wa koti, akaunyoosha kwa kiganja pale alipoukunja. "Basi nenda. Salamu zangu kwa mjomba wako sitatuma. Hataziamini."

Nikaaga. Sindano alikuwa amejiinua nusu kwenye kiti, nami nikatikisa kichwa, kidogo, ili abaki alipo.

Nje ilinibidi nipite chini ya dirisha, katikati ya zile nyasi. Zilinifika kiunoni, zikanipaka mbegu suruali nzima. Ndani nilimsikia mtu mzima akilia kama anayejizuia kukohoa, kisha sauti ya Mama Nyasi, kali, ya mtu aliyezoea kusikika juu ya injini.

"Nyamaza, Sindano. Unalia nini? Umemsikia fundi. Si wewe uliyeiua."

Nikaendelea kutembea. Nilikuwa bado sijajua nitamwambia Mjomba nini, na karakana haikuwa mbali.